Mtego Usiokuwa na Kamba

Mpo?

— Tupo!

Aliyesimama?

— Akae!

Aliyelala?

— Aamke!

Nina jambo.

— Lilete!

Lina uongo kidogo ndani yake.

— Lilete nao!

Haya, sogeeni. Zamani, siku zile wanyama wakicheza mpira na watu bado wanakimbizana na nyuki, palikuwa na bonde moja linaitwa Nyasi Ndefu. Jina tu. Mwaka ninaousema mimi hapakuwa na nyasi ndefu wala fupi. Mvua iligoma. Mto ukakauka ukabaki mchanga. Visima vikakauka vikabaki mashimo. Maji yakabaki mahali pamoja tu, bwawani. Na bwawani alikaa Kiboko.

Nikisema alikaa, msidhani alikaa pembeni. Alijaa. Tumbo huku, matako kule, na kichwa katikati kama jiwe la kufulia. Ukimwendea ukamwambia, "Mzee Kiboko, tunaomba maji," anafungua jicho moja.

"Maji gani?"

"Haya uliyolalia."

"Haya si maji. Haya ni maji yangu. Leta majani mabichi, nitakuonjesha."

Majani mabichi wakati ule yalikuwa juu mlimani, mbali kabisa. Digidigi, yule paa mdogo mwenye miguu kama vijiti, anatoka alfajiri, anapanda, anakata, anabeba, anashuka, ulimi nje. Kiboko anatia mdomoni, nyam! Mara moja tu, yamekwisha. Halafu anasogeza tumbo kidogo. "Onja." Digidigi anainama, fyo! "Basi, toka." Ndiyo siku nzima hiyo. Watoto wa Kanga walikuwa wameanza kulala mchana, na mama yao kuwaamsha ilikuwa kazi.

Sasa, bondeni hapo aliishi Nguchiro. Mnamjua Nguchiro? Mwembamba, mkia mrefu, macho mekundu, hatulii. Ana watoto tele na wote hawatulii. Nguchiro alikuwa na sifa moja: hasemi uongo. Si kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa mjanja kiasi kwamba uongo hakuuhitaji.

Na Kiboko alikuwa na ugonjwa mmoja: mpira. Kila jua likipoa, anatoka majini na wenzake, Nyati, Ngiri, Fisi na wakubwa wengine, wanapiga mpira wa majani makavu ya mgomba uliofungwa kwa kamba. Na Kiboko anacheza wapi? Mbele. Anasimama karibu na goli, hatoki, anapiga kelele:

"Nipe! Nipe! Nipe!"

Wakimpa, anafunga. Wasipompa, anawafukuza bwawani. Kwa hiyo wanampa.

Jioni moja Nguchiro akaja akasimama kando ya uwanja. Akatazama. Akatazama tena. Kisha akasema, "Mzee Kiboko, unafunga magoli mengi."

"Wewe mwenyewe umeona."

"Nimeona. Ila unawafunga rafiki zako. Hujawahi kutufunga sisi."

Kiboko akacheka mpaka matope yakaruka. "Ninyi? Ninyi mna timu?"

"Tunayo."

Hapo alikuwa anasema kweli. Timu ilikuwepo. Ilikuwa haijajua tu kwamba ni timu.

"Tucheze," Nguchiro akasema. "Tukishinda, bwawa ni la wote, kila mtu anakunywa mpaka ashibe. Mkishinda, tunahama bonde hili, na watoto wetu, hamtatuona tena."

"Na tukitoka sare?"

"Sema wewe."

"Sare, maji ni yangu. Kwa sababu tayari ni yangu."

"Sawa. Refa ni Twiga. Yeye shingo ndefu, anaona kila kitu, na hamwogopi mtu. Ila jambo moja, mzee. Tutafuata sheria zote za mpira?"

"Zote!" Kiboko akanguruma, huku wenzake wakimsikiliza. "Hata zile nisizozijua!"

Twiga, aliyekuwa anakula majani ya juu hapo jirani, akasema, "Nimesikia." Akaendelea kutafuna.

*

Nguchiro aliporudi na habari, wadogo walimjia juu.

"Umetuuza!" alilia Kanga. "Tutahamia wapi na watoto hawa?"

"Mimi mguu wa Nyati mmoja tu unanitosha," akasema Digidigi. "Akinikanyaga, mtanikunja mnibebe."

Nungunungu alitikisa miiba tu, cha-cha-cha. Na Kobe? Kobe alikuwa bado anakuja kwenye mkutano.

Nguchiro akawaacha waseme mpaka wachoke. Kisha akawatupia mpira. "Chezeni niwaone."

Wakacheza. Lo! Mpira ukienda kulia, wote kulia. Mpira ukienda kushoto, wote kushoto. Kama kuku waliomwagiwa mtama. Hata Nungunungu aliyewekwa golini alikuwa katikati ya uwanja anachoma wenzake. Goli liko wazi, linapigwa na upepo.

"Simameni," Nguchiro akasema. Akainua mkono wake mdogo. Akaukunja. "Hii nini?"

"Ngumi."

"Ukitaka kuingiza kidole humu, kitapita wapi?"

"Hakipiti."

Akaufungua mkono, vidole mbalimbali. "Na hii?"

"Kiganja."

"Ukitaka kukishika chote kwa mara moja, utaanza na kidole gani?"

Wakatazamana. "Vimetawanyika," akasema Digidigi. "Nikishika hiki, kile kinanitoroka."

"Basi mpira wote ndio huo. Wao wakiwa na mpira, sisi ngumi. Tunarudi karibu na goli letu, tunabanana, bega kwa bega, hakipiti kitu. Sisi tukiwa na mpira, kiganja. Digidigi unakimbilia pembeni kabisa huku, Kanga pembeni kabisa kule, mimi katikati, mabeki nyuma. Wao ni wakubwa, lakini uwanja ni mkubwa kuliko wao. Mpira wao?"

"Ngumi!"

"Mpira wetu?"

"Kiganja!"

Na ninyi mnaonisikiliza msikae kimya. Mpira wao?

— Ngumi!

Mpira wetu?

— Kiganja!

Naam. Wakafanya mazoezi mpaka vumbi likawabadilisha rangi. Kunja, fungua. Kunja, fungua. Mwanzoni Digidigi alisahau kurudi, na Kanga alisahau kwenda, lakini kadiri siku zilivyopita mkono ukaanza kuelewa.

Ndipo Nguchiro akawachukua mabeki wake kando. Beki wa kati alikuwa Kobe, na wengine wawili, Pimbi na Kicheche.

"Na sasa," akasema, "tunatega mtego."

"Wa kamba?" akauliza Kobe.

"Hapana, mjomba. Wa kuotea." Akachora mstari mchangani. "Kiboko anasubiri wapi mpira? Karibu na goli. Sasa sheria inasema hivi: anayesubiri pasi akiwa ametupita mabeki wote, amebaki na kipa tu mbele yake, huyo ameotea. Twiga anapuliza, mpira unakuwa wetu. Kwa hiyo Fisi akitaka kumpigia Kiboko pasi, ninyi mnapiga hatua moja mbele. Wote. Pamoja. Kiboko anabaki nyuma yenu, peke yake, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba."

"Hatua moja tu?" Kobe akauliza.

"Moja tu."

Kobe akafikiri. "Hiyo naiweza," akasema. "Nipeni muda."

*

Siri haikai bondeni. Fisi alipita hapo akasikia neno moja, "mtego", akakimbia nalo kwa Kiboko kama amebeba mfupa.

Asubuhi ya mechi Kiboko akamwita Nguchiro.

"Nasikia mmenitegea mtego."

"Kweli, mzee."

Kiboko akatoa macho. "Unakiri?"

"Nakiri. Upo uwanjani."

"Una kamba?"

"Hauna kamba."

"Una shimo?"

"Hauna shimo."

"Una miiba?"

"Hauna miiba."

"Utanishika wapi?"

"Karibu na goli letu, mzee, hapo unapopenda kusimama. Ukisimama mbali, hautakushika."

Je, amesema uongo? Hata kidogo. Lakini Kiboko alimtazama, akasema moyoni, huyu kiumbe mwerevu, akisema hakuna shimo, lipo shimo. Akatoka majini. Akawaita Ngiri na Fisi. "Chimbeni!"

Wakachimba. Ngiri kwa pembe za mdomoni, kwrr, kwrr, kwrr. Fisi kwa kucha, kwaru, kwaru, kwaru. Jua linapanda. Kiboko mwenyewe anakagua kila jani, ananusa, anagonga ardhi kwa mguu, puu, anasikiliza. Hakuna kitu. "Chimbeni pale!" Hakuna kitu. "Fukieni, chimbeni huku!" Jua limesimama utosini, ngozi ya Kiboko imeanza kupasuka kama tope la barabarani, Ngiri amekaa chini anahema. Hakuna mtego.

"Amenidanganya," Kiboko akasema kwa furaha. "Hakuna mtego wowote!"

Na wadogo walikuwa wapi muda wote huo? Kivulini. Wamelala.

*

Twiga akashuka uwanjani na filimbi mdomoni. Wanyama wa bonde zima wamezunguka. Pyuuu!

Mpira kwa Nyati. Nyati kwa Ngiri. Mpira wao, na wadogo ni nini?

— Ngumi!

Wadogo wakarudi, wakabanana. Nyati akaingia, akakuta ukuta wa miiba, manyoya na magamba, hakuna njia. Akazunguka kulia, ngumi ikasogea kulia. Akazunguka kushoto, ngumi ikasogea kushoto. Akapiga kwa nguvu, du! Mpira ukaenda ukachomekwa kwenye miiba ya Nungunungu ukakaa hapo kama embe.

"Kipa amedaka," akasema Twiga.

"Mikono hakutumia!" Ngiri akalalamika.

"Hata miguu hakutumia," akasema Twiga. "Endeleeni."

Watazamaji wakaanza kusisimka. Kiboko mbele kule, amesimama mbele ya goli, hatoki, anaona mpira haumfikii. Akaanza:

"Nipe! Nipe! Nipe!"

Fisi akainua mguu apige pasi. Nguchiro akapiga kelele, "Sasa!" Pimbi akapiga hatua. Kicheche akapiga hatua. Kobe akainua mguu. Akaupeleka. Ukaenda. Unaenda. Ulipokuwa bado unaenda, mpira ulikuwa umekwisha fika kwa Kiboko, na Kobe yuko pale pale, amebaki nyuma pamoja naye. Hakuna kuotea hapo. Kiboko akageuka, akapiga, puu! Nungunungu akajikunja, mpira ukampita, ukaingia.

Goli.

Mama Kanga aliwatazama watoto wake waliokuwa wamelala kando ya mstari, akatazama njia ya kutokea bondeni, akafumba macho.

Wakajaribu tena mtego. Kobe akachelewa tena, na Kiboko akapiga nje kwa bahati tu. Mara filimbi, mapumziko.

Wadogo wakakaa chini wakiwa hawatazamani. Pimbi akasema kile ambacho kila mtu alikuwa nacho mdomoni. "Tumtoe Kobe."

Kobe aliingiza kichwa ndani ya gamba. Kikakaa humo. Nguchiro akaenda akainama karibu na tundu la shingo.

"Mjomba."

"Nimesikia," ikatoka sauti ndani. "Nitoeni. Ni haki."

"Sijasema nakutoa. Nauliza, shida ni nini?"

Kichwa kikatoka, taratibu, macho yamelowa. "Miguu yangu ndiyo mizito, Nguchiro. Akili yangu siyo. Wewe unasema 'sasa' pale Fisi anapoinua mguu. Kwangu hiyo ni jana. Niambie mapema, nitafika."

"Mapema vipi? Mimi mwenyewe nitajuaje Fisi anataka kupiga kabla hajataka?"

Na hapo, upande wa pili wa uwanja, Kiboko alikuwa anaitisha maji ya kujimwagia mgongoni. "Nipe! Nipe! Nipe!" Ngiri akamletea.

Kobe akatazama kule. Nguchiro akatazama kule. Wote wawili wakaanza kucheka, wenzao wakadhani wamepata wazimu.

"Anasema mara tatu," akasema Kobe. "Kila mara. Na hawampi mpaka amalize ya tatu."

"Na ya kwanza, mjomba?"

"Ya kwanza ni yangu."

*

Kipindi cha pili. Pyuuu! Jua linashuka lakini joto liko pale pale, na wakubwa waliochimba asubuhi nzima walikuwa wanaburuta miguu.

Mpira kwa Nyati, kwa Ngiri, kwa Fisi. Ngumi imefungwa. Kiboko yuko mahali pake.

"Nipe!"

Kobe akainua mguu.

"Nipe!"

Kobe akaupeleka.

"Nipe!"

Kobe akautua. Tapu. Pimbi na Kicheche, waliokuwa wanautazama mguu ule tu, wakatua pamoja naye. Fisi akapiga pasi. Kiboko akaupokea mpira, akafunga, akanyanyua mikono miwili.

Pyuuu!

"Ameotea," akasema Twiga.

"Nimefanya nini?"

"Umeotea."

"Nani ameniotea?"

"Wewe ndiye uliyeotea, mzee. Ulikuwa umewapita mabeki wote. Mpira wao."

Kiboko akatazama miguuni pake. Akainua mguu mmoja, akatazama chini yake. Akainua wa pili. Hakuna kamba. Hakuna shimo.

Mara ya pili: "Nipe! Nipe! Nipe!" Tapu. Pyuuu! Mara ya tatu: "Nipe! Nipe! Nipe!" Tapu. Pyuuu! Uwanja mzima sasa unacheka. Kiboko amepandwa na hasira, anagombana na Twiga, Ngiri naye amekuja kumsaidia kugombana, Fisi naye. Na mpira uko kwa nani?

— Kwa wadogo!

Mpira wetu?

— Kiganja!

Nguchiro aliugusa haraka, ti, kwa Kicheche. Mkono ukafunguka, fyaa! Kanga huyoo pembeni kule, Digidigi huyoo pembeni huku. Nyati peke yake yuko nyuma. Amkimbilie nani? Akamkimbilia Kanga, mpira ukaenda kwa Digidigi. Akamkimbilia Digidigi, mpira ukaenda kwa Nguchiro. Nyati alikuwa katikati anazunguka kama punda wa kusaga. Nguchiro akamrudishia Digidigi, Digidigi akaugusa kwa kwato ndogo, tik. Ndani.

Moja kwa moja! Watoto wa Kanga waliamka kwa kelele.

Lakini Kiboko si mjinga wa kila siku. Alisimama akafikiri, na kwake kufikiri kunaonekana, masikio yanazunguka. Akakumbuka: sare ni yangu. Akaondoka mbele, akapita uwanja mzima puu, puu, puu, akafika golini kwake, akamtoa kipa wake nje ya uwanja, akalala chini. Akalijaza goli. Huku nguzo, kule nguzo, katikati Kiboko. Hata sisimizi asingepita.

"Hii inaruhusiwa?" Digidigi akamlilia Twiga.

"Kipa kulala hakujakatazwa," akasema Twiga. Na alisikitika kidogo, ilionekana shingoni.

Wadogo wakapiga mpira, ukagonga tumbo, bwaa, ukarudi. Wakapiga tena, bwaa, ukarudi. Kiboko amefumba macho anatabasamu. Jua limefika juu ya mlima. Likizama tu, mechi imekwisha.

Nguchiro akasimama na mpira miguuni. Akamtazama Kiboko. Akamtazama Nyati aliyekuwa mbele yake, kichwa chini, jasho linamtoka. Kisha akafanya jambo ambalo hata wenzake walimshangaa. Akausukuma mpira taratibu mpaka kwa Nyati.

"Karibu."

Nyati hakuuliza mara mbili. Akauchukua, akageuka, akaanza kukimbia nao. Wadogo wakarudi mbio, wakakunja ngumi. Na Nguchiro huku anakimbia anapaza sauti, "Nyati, unajua mpira kweli! Tangu mechi ianze unacheza vizuri kuliko wenzako wote!"

Ulikuwa uongo? Haukuwa. Nyati ndiye aliyekuwa anacheza vizuri, ila hapakuwahi kutokea mtu akamwambia. Kwato zikawa nyepesi. Akampiga chenga Pimbi. Akampiga chenga Kanga. Watazamaji wakapagawa:

"Nya-ti! Nya-ti! Nya-ti!"

Golini kule jicho moja la Kiboko likafunguka.

"Nya-ti! Nya-ti!"

La pili likafunguka. Wanasema nani? Wanamwimbia nani? Midomo ikaanza kumtetemeka. Alijizuia. Mnisikilize, alijizuia kweli, alishika nguzo kwa meno. Lakini Nyati akamhadaa Kicheche, uwanja ukalipuka, na Kiboko akashindwa. Akainuka, akaacha goli, akaja kama mlima ulioponyoka, puu-puu-puu-puu, akampita Ngiri, akampita Nyati mwenyewe, akaenda moja kwa moja mbele ya Nungunungu akasimama mahali pake.

"Nipe!"

Nyati akasita. Alikuwa amebakiwa na beki mmoja tu na goli analiona. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayenyang'anywa chakula akiwa ameshaosha mikono.

"Nipe!"

"Lakini mzee, mimi..."

"Nipeee!"

Nyati akatoa pasi. Na mguu wa Kobe ulikuwa umeshatua zamani.

Pyuuu!

"Ameotea."

Kiboko hakungoja hata kugombana, alijua goli lake liko wazi. Akageuka. Lakini kumgeuza Kiboko si sawa na kugeuza chapati. Kobe aliusukuma mpira kwa Nguchiro, mkono ukafunguka, Nguchiro akampigia Kanga pembeni kule. Ngiri akamrukia, Kanga akauinua mpira mrefu mpaka pembeni huku, ukaanguka miguuni kwa Digidigi, aliyetokea nyuma ya mpira, hakuotea. Digidigi akatazama: mbele yake hakuna mtu. Akapiga. Ila alikuwa amechoka, maskini, na mpira ulikuwa umeanza kufumuka. Ukatoka polepole. Unabingirika. Majani yanabaki njiani. Unabingirika. Nyuma yake Kiboko anakuja, ardhi inaruka, anahema kama treni, anapiga kelele kwa mpira wenyewe:

"Nipe! Nipe! Nipe!"

Wote walisimama. Mama Kanga aliwafunika watoto kwa mbawa.

Mpira ukapunguza mwendo. Ukafika karibu na mstari. Ukasimama. Ukasimama kabisa, hapo hapo, kabla ya mstari.

Kiboko akaruka. Akaanguka kifudifudi juu yake, bwaaa! Akaukumbatia kwa miguu yote minne. Akaupata! Hatimaye mpira wake, peke yake, hakuna mwingine aliyeugusa. Lakini uzito ukiwa kwenye mwendo hausimami kwa kuambiwa. Akateleza kwa tumbo, serrr, yeye na mpira, mpira na yeye, akavuka mstari, akaingia golini mzima mzima, akaondoka na nguzo moja.

Twiga akainama mpaka chini kabisa. Akatazama mstari. Akatazama Kiboko. Akainuka, na huko juu ni mbali, kwa hiyo watu walisubiri.

Pyuuu!

"Goli," akasema.

*

Sitawaeleza kelele. Nitawaeleza maji tu. Digidigi aliinamisha kichwa, fyo, akanyanyua, akangoja aambiwe basi. Hakuambiwa na mtu. Akainama tena, fyo, fyo, fyo. Watoto wa Kanga waliingia mpaka vifuani, mama yao akawaacha. Nyati naye alikunywa pembeni, na kila aliyepita alimpigapiga mgongoni, akawa anajifanya hapendi. Kobe alifika bwawani wenzake wakiwa wameshashiba, lakini walikuwa wamemwachia mahali pazuri penye kivuli.

Siku chache baadaye Kiboko alikwenda mwenyewe kwenye shimo la Nguchiro. Alikuwa amenyong'onyea. Watoto wa Nguchiro walimpanda mgongoni na hakuwafukuza.

"Mama Nguchiro," akasema, "nimekuja kwa adabu. Nifundishe mpira. Nataka nicheze timu yako."

Nguchiro akafurahi kutoka moyoni. "Karibu sana, mzee. Sisi hatumfukuzi mtu. Utacheza wapi?"

Kiboko akainamisha macho. Akakuna ardhi kwa ukucha. Alijitahidi sana, mtu yeyote angeona anajitahidi.

"Mbele," akasema.

"Basi rudi baada ya mvua," Nguchiro akamwambia, akaingia ndani.

Hadithi yangu imevaa viatu, imefunga mlango, imeondoka. Aliyeishika mkia ameishika, aliyeikosa asinilaumu.

— Na funzo?

Mnataka funzo? Funzo lipo. Mmeona wenyewe kwamba Kiboko alimsikiliza mtu mkweli, akaambiwa mtego upo, akaambiwa upo wapi, akaambiwa hata asisimame wapi, na bado akapoteza bwawa. Kwa hiyo wanangu, jihadharini na watu wakweli. Wana hila. Mkikutana na mwongo, huyo ni mtu salama, mkaribisheni mle naye.

— Aa! Si hivyo!

Ndivyo nilivyoikuta. Na kama mnabisha, waulizeni wachezaji wakubwa wakubwa: wote watawaambia kwamba mpira hauhitaji akili, unahitaji mtu mmoja tu mbele, anayepiga kelele.